Ubingwa ni Mali ya Nani?

Upo ubishi mmoja katika nchi ya Marekani ambao hauna mwanzo wala mwisho. Huzuka makazini, katika vilabu vya pombe, kwa vinyozi na hata mezani pa familia, nao hushika moto zaidi inapokaribia fainali kubwa ya kila mwaka iitwayo Super Bowl. Ubishi wenyewe ni huu: katika timu zote 32 za ligi ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, yaani ule mpira wenye umbo la yai unaobebwa mikononi na wanaume waliovaa kofia ngumu, ni timu ipi iliyofanikiwa kuliko nyingine zote?

Mtu aliye mbali na nchi hiyo anaweza kudhani kwamba huu ni ubishi wa watu wasio na kazi. Sivyo. Mashabiki wanapobishana juu ya ukubwa wa timu, pengine bila ya wao wenyewe kutambua, wanabishana juu ya maana ya neno mafanikio. Na jamii yo yote ile hujulikana kwa yale inayoyaita mafanikio. Ndiyo maana inafaa tuutazame ubishi huo kwa makini, tuzipime hoja zake, kisha tuseme bila kigugumizi ni wapi zinapopungukiwa.

Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Mashabiki wa Green Bay Packers, timu ya mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, huanza hesabu yao mwaka 1920, ligi hiyo ilipoundwa. Kwa hesabu hiyo timu yao imekuwa bingwa mara 13, na hakuna anayeifikia. Chicago Bears wanafuata kwa mara 9, na New York Giants kwa mara 8. Lakini ukimwendea shabiki wa Pittsburgh Steelers au wa New England Patriots, atakuambia kwamba hayo ni mambo ya kale. Kwake yeye historia inaanza tarehe 15 Januari, 1967, siku ilipochezwa Super Bowl ya kwanza baina ya bingwa wa ligi kongwe na bingwa wa ligi changa iliyokuwa ikishindana nayo. Hadi kumalizika kwa fainali ya Februari, 2025, Steelers na Patriots walikuwa wametwaa kombe hilo mara 6 kila mmoja; Dallas Cowboys na San Francisco 49ers mara 5 kila mmoja; nao Green Bay, Giants na Kansas City Chiefs mara 4 kila mmoja.

Ubishi hauishii hapo. Shabiki wa Miami Dolphins husimama na kusema kwamba wingi si hoja, kwani katika msimu wa 1972 timu yake ilicheza michezo 17 na kuishinda yote mpaka kombe, jambo ambalo hakuna timu nyingine ya ligi hiyo iliyolifanya. Shabiki wa Patriots hujibu kwamba timu yake ilipata makombe yake yote 6 chini ya kocha mmoja, Bill Belichick, na kiongozi mmoja wa mashambulizi, Tom Brady, kati ya msimu wa 2001 na ule wa 2018, na kwamba kutawala kwa muda mrefu kiasi hicho ndiko ukubwa. Naye mzee wa Cleveland hukohoa kidogo, akawakumbusha vijana kwamba Cleveland Browns walicheza fainali kila mwaka kwa miaka 10 mfululizo, tangu 1946 hadi 1955, wakashinda 7. Bahati yao mbaya ni kwamba 4 kati ya hizo walizishinda katika ligi nyingine iliyokufa mwaka 1949, na wababe wa hesabu huziruka kana kwamba hazikuchezwa.

Tuseme kweli: kila upande una chembe ya haki. Wanaoyapunguza makombe ya zamani wanasema kwamba katika miaka ya 1920 hapakuwa na fainali. Bingwa alipatikana kwa kutazama msimamo wa ligi, na kila timu ilijipangia michezo yake kama ilivyopenda. Ubingwa wa Green Bay wa miaka ya 1929, 1930 na 1931 ulipatikana kwa njia hiyo. Mchezo rasmi wa fainali ulianza mwaka 1933. Wanaoyatetea nao hujibu kwamba aliyekuwa bingwa mwaka 1962 aliwashinda wote waliokuwako, na kwamba si haki kumnyima babu heshima yake kwa sababu tu hakuzaliwa pamoja na televisheni.

Na hata vitabu vya ligi yenyewe si msahafu. Mwaka 1925 timu ya Pottsville, mji wa wachimba makaa ya mawe katika jimbo la Pennsylvania, iliwafunga Chicago Cardinals 21 kwa 7 na ikadhani imekwisha kuwa bingwa. Baadaye ikacheza mchezo wa kirafiki mjini Philadelphia, katika eneo lililohesabiwa kuwa la timu nyingine. Ligi ikaisimamisha, na ubingwa ukaandikwa kwa jina la Cardinals wale wale waliofungwa. Mji ule haukuacha kudai. Mwaka 2003 wenye timu waliulizwa kama shauri hilo lifunguliwe upya. Wakakataa kwa kura 30 dhidi ya 2. Basi mwenye kuitumia hesabu ya ligi kama neno la mwisho na akumbuke kwamba hesabu hiyo nayo huandikwa na watu, na watu hao ndio wenye mali.

Kiswahili kina methali isemayo chanda chema huvikwa pete. Huko Marekani methali hiyo imekuwa kama sheria, maana kila mchezaji wa timu bingwa hupewa pete nzito yenye vito, na mashabiki hutambiana kwa kuhesabu pete. Hatukatai pete. Lakini kabla ya kuzihesabu, yako maswali matatu ambayo wabishi wengi hawayaulizi, na bila ya kuyajibu hesabu yao itabaki nusu.

Swali la kwanza: ni nani aliyeruhusiwa kucheza? Bingwa wa kwanza kabisa wa ligi hiyo, Akron Pros wa mwaka 1920, alikuwa na mchezaji mashuhuri mweusi, Fritz Pollard, ambaye mwaka uliofuata alikuwa pia mmoja wa makocha wa timu hiyo. Yaani ubingwa wa kwanza ulikuwa na jasho la mtu mweusi ndani yake. Lakini tangu mwaka 1934 hadi 1945 hapakuwa na mchezaji mweusi hata mmoja katika ligi nzima. Hapakuandikwa sheria, wenye timu walielewana tu. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1946, timu ya Rams ilipohamia Los Angeles na kushinikizwa kuwasajili Kenny Washington na Woody Strode ili iruhusiwe kuutumia uwanja uliojengwa kwa fedha za umma. Timu ya mji mkuu, Washington, iliendelea kukaidi mpaka mwaka 1962, ilipobanwa na serikali ya Rais Kennedy.

Sasa tuhesabu upya. Makombe ya Chicago ya 1940, 1941 na 1943, ya Washington ya 1937 na 1942, ya Giants ya 1934 na 1938, na hata ya Green Bay ya 1936, 1939 na 1944, yote yalitwaliwa katika ligi iliyowafungia nje wananchi wake kwa sababu ya rangi ya ngozi yao. Hatusemi yafutwe, wala hatusemi kwamba waliocheza hawakutoka jasho. Tunasema kwamba bingwa wa mashindano ambayo wengine wamekatazwa kushindana ni bingwa wa chumba kilichofungwa. Shabiki anayeyataja makombe hayo kwa kifua mbele anapaswa kulitaja na hilo.

Upande wa pili wa jambo hilo ni Pittsburgh. Timu hiyo iliyoanzishwa mwaka 1933 ilikaa karibu miaka 40 bila kushinda mchezo hata mmoja wa mtoano. Kisha ikampa kazi Bill Nunn, mwandishi wa habari za michezo wa gazeti la watu weusi la Pittsburgh Courier, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akifuatilia wachezaji wa vyuo vya watu weusi vya Kusini, vyuo ambavyo matajiri wengine hawakuvijali. Kutoka huko walipatikana vijana kama Mel Blount, L.C. Greenwood, John Stallworth na Donnie Shell. Kati ya msimu wa 1974 na ule wa 1979 Steelers walitwaa Super Bowl mara 4. Hilo ni fundisho kubwa kuliko pete zenyewe: ubaguzi si dhambi tu, ni upumbavu pia, kwani humfanya mbaguzi aipite dhahabu njiani huku akilalamika kwamba ni maskini.

Swali la pili: ni nani aliyelipa gharama? Timu hiyo hiyo ya Pittsburgh ilikuwa na mlinzi wa katikati aliyeitwa Mike Webster, ambaye alishiriki katika ubingwa wote 4. Alipoacha mchezo akili yake ilikwisha kuvurugika. Kuna nyakati alilala ndani ya gari lake. Alifariki mwaka 2002 akiwa na umri wa miaka 50. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake alikuwa Mwafrika, Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, naye aligundua kwamba ubongo huo ulikuwa umeharibiwa na vishindo vya miaka mingi. Alipoyachapisha matokeo yake mwaka 2005, madaktari wa ligi walitaka makala yake ifutwe. Lakini ukweli haukufutika. Maelfu ya wachezaji wastaafu walikwenda mahakamani, na mwaka 2015 mahakama iliidhinisha makubaliano ya kuwalipa fidia.

Basi shabiki anapozitaja pete 4 za miaka ile, na amtaje na Webster. Mafanikio ambayo faida yake humwendea mwenye timu na majeraha yake humwendea mchezaji hayawezi kuitwa mafanikio ya timu nzima.

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote: timu ni ya nani? Mashabiki husema "timu yetu". Mahakama na vitabu vya benki husema vingine. Usiku wa tarehe 28 kuamkia 29 Machi, 1984, malori yalifika kimya kimya katika ofisi za Baltimore Colts, yakapakiwa kofia, mipira na makabati ya kumbukumbu, na kabla ya kupambazuka timu ikawa imeondoka Baltimore kwenda Indianapolis. Mwenye timu, Robert Irsay, aliogopa kwamba bunge la jimbo la Maryland lingepitisha sheria ya kuitwaa timu hiyo kwa manufaa ya umma. Watu wa Baltimore waliamka asubuhi wakakuta hawana timu. Ubingwa wa 1958 na 1959, ambao baba zao waliushangilia, nao ukawa umehamishwa kwenye vitabu kama samani za nyumba. Ni timu hiyo hiyo, ikiwa huko Indianapolis, iliyomsajili mwaka 2013 Daniel Adongo, mchezaji wa raga kutoka Kenya, akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo.

Lakini jambo moja halikupakiwa kwenye malori yale. Bendi ya mashabiki ya Baltimore ilibaki, ikaendelea kupiga muziki kwa miaka 12 bila ya kuwa na timu ya kuipigia. Tuwaulize wanaohesabu pete: bendi ile ilikuwa na pete ngapi?

Wala Baltimore haikuwa peke yake. Rams walikuwa mabingwa wakiwa Cleveland mwaka 1945, na wiki chache baadaye wakahamia Los Angeles, wakawa mabingwa huko mwaka 1951, wakahamia St. Louis na kuwa mabingwa wa msimu wa 1999. Wakarudi Los Angeles mwaka 2016 na kuwa mabingwa wa msimu wa 2021. Makombe 4, miji 3. Raiders walitoka Oakland kwenda Los Angeles mwaka 1982, wakarudi Oakland mwaka 1995, wakaondoka tena kwenda Las Vegas mwaka 2020, ambako jimbo la Nevada lilikuwa limewatengea dola milioni 750 za kodi ya vyumba vya hoteli kwa ajili ya kujenga uwanja. Ndiyo desturi ya mabepari hawa: tajiri huutishia mji kwamba atahama, mji humjengea uwanja kwa fedha za wananchi, na faida ya uwanja huingia mfukoni mwake. Mwaka 1995 Cleveland nao walitangaziwa kwamba Browns wanahamia Baltimore. Wananchi wa huko walipiga kelele na kwenda mahakamani mpaka wakakubaliwa kubaki na jina, rangi na historia ya timu yao. Tajiri aliondoka na wachezaji, lakini kumbukumbu hakuondoka nayo.

Katikati ya uchuuzi huo wote iko Green Bay. Mji huo una watu wapatao 107,000 tu, idadi ambayo isingetosha kuishawishi ligi ya matajiri kuupa timu leo. Timu yake ilianzishwa mwaka 1919, na kampuni moja ya kusindika nyama ndiyo iliyotoa fedha za jezi. Mwaka 1923, timu ilipokuwa taabani, wananchi waliuziwa hisa kwa dola 5 kila moja. Tangu hapo haijawahi kurudi mikononi mwa mtu mmoja. Hisa zimeuzwa mara 6, mara ya mwisho mwaka 2021 na 2022, na wenye hisa wamepita 537,000. Hisa hiyo haina gawio, wala haiuzwi kwa faida. Hakuna anayeruhusiwa kurundika hisa mpaka akaitawala timu. Na ikitokea siku timu ikauzwa, fedha haziendi kwa wenye hisa bali kwa mfuko wa hisani. Kwa utaratibu huo hakuna mwenye tamaa anayeweza kuleta malori usiku.

Wako wanaodharau na kusema kwamba hisa hizo ni karatasi za kutundika ukutani, na kwamba mwanahisa wa kawaida hana sauti katika usajili wa wachezaji. Ni kweli kwamba sauti yake ni ndogo. Lakini nguvu ya utaratibu huo haiko katika kile anachoweza kukifanya mwanahisa mmoja; iko katika kile ambacho tajiri hawezi kukifanya. Tena ushahidi kwamba matajiri wenyewe wanaitambua nguvu hiyo ni kwamba kanuni za ligi haziruhusu timu nyingine kumilikiwa namna hiyo. Green Bay imeachwa kwa sababu tu ilitangulia.

Liko na jambo la kuchekesha. Ligi hii, ambayo hutajwa kama fahari ya biashara huria, inaishi kwa kugawana. Mwaka 1961 sheria iliruhusu timu zote kuuza haki za televisheni kwa pamoja na kugawana mapato sawa kwa sawa. Tajiri wa New York, mwenye soko kubwa kuliko wote, akakubali kupata fungu lile lile la Green Bay. Tangu mwaka 1936 wachezaji wapya kutoka vyuoni huchaguliwa kwa zamu, timu iliyoshika mkia ikitangulia. Tangu mwaka 1994 kuna kikomo cha jumla ya mishahara. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi, 2024, fungu la kila timu kutoka katika mapato ya pamoja lilipita dola milioni 400. Matajiri hao wanajua kwamba bila ya kumsaidia mnyonge hakuna mashindano, na bila ya mashindano hakuna watazamaji. Wanayohubiri kwa wafanyakazi wao ni ya soko; wanayotendeana wao kwa wao ni ya ujima. Aliye na macho haambiwi tazama.

Kwa hiyo, kama ni lazima tutoe hukumu katika ubishi huu, hukumu yetu ni hii. Kwa ufundi wa kutawala, New England. Kwa kufungua mlango uliofungwa na kuvuna matunda yake, Pittsburgh. Lakini kwa mafanikio yaliyokamilika, Green Bay, na si kwa sababu ya ile 13. Ni kwa sababu 13 zote ziko mahali pale pale, mikononi mwa watu wale wale, na mjukuu anaweza kwenda kwenye uwanja wa Lambeau, uliofunguliwa mwaka 1957, akakaa walipokaa wazee wake. Hata kombe lenyewe la Super Bowl limepewa jina la Vince Lombardi, kocha aliyeiongoza timu hiyo ya mji mdogo kati ya 1959 na 1967. Kila tajiri anayelinyanyua ananyanyua jina la kocha wa timu ya wananchi.

Nasi tusijione kwamba tuko mbali na swali hilo. Klabu zetu kongwe, Yanga na Simba, zilijengwa na wanachama tangu miaka ya 1930, na sasa mazungumzo ya hisa, wawekezaji na asilimia 51 za wanachama yamefika mlangoni. Fedha zinahitajika, na si busara kuzikataa. Lakini mwanachama anayezihesabu taji za klabu yake na asijue katiba ya klabu hiyo inasema nini juu ya mwenye mali, amehesabu mayai akamsahau kuku. Taji hushindwa uwanjani kwa dakika chache. Umiliki hupotea mkutanini kwa dakika chache zaidi. Wanachama wasome, waulize, wahudhurie mikutano, na kura zao wasizifanye za kupigia makofi. Watu wa Baltimore walipoamka, malori yalikuwa yamekwisha kuondoka.